Kadi ya Tatu

Katika nyumba ya kamusi nilikofanya kazi miaka kumi na moja, kadi haikutupwa. Hiyo ilikuwa kanuni ya kwanza aliyofundishwa mgeni, kabla hata hajaonyeshwa choo. Kadi ni kipande cha karatasi ngumu, ukubwa wa kiganja, chenye sentensi moja iliyonukuliwa kutoka kitabu, gazeti au barua. Neno linalochunguzwa hupigiwa mstari, na chini ya sentensi huandikwa chanzo na ukurasa. Kadi iliyochafuka ilinakiliwa, na ile chafu ikabaki. Kadi yenye kosa ilitiwa alama nyekundu, ikabaki. Tulikuwa na kadi iliyomwagikiwa chai kabla sijazaliwa, na mpaka naondoka ilikuwa bado imo katika droo ya B.

Kanuni ya pili ilihusu idadi. Maana yoyote ya neno haikuingia katika kamusi mpaka iwe na kadi tatu kutoka vyanzo vitatu tofauti. "Shahidi mmoja ni uvumi, wawili ni njama, watatu ni maana," alikuwa akisema mhariri mkuu, na alilisema mara nyingi kiasi kwamba wahudumu wa ofisi nao walilijua.

Mhariri mkuu sote tulimwita Mwalimu. Akigeuka tulimwita Nukta, kwa sababu aliweza kurudisha ukurasa mzima kwa ajili ya nukta moja iliyokaa vibaya. Simsingizii: kazi aliijua. Nalisema hili mapema ili ieleweke kwamba aliyonitendea hayakutokana na kutojua.

Nilipewa herufi H. Kamusi ilikuwa ya Kiingereza kwa Kiswahili, na ndani ya H limo neno *hand*, ambalo mtu asiyeijua kazi hii angeandika "mkono" kisha aende zake kunywa chai. Lakini Mwingereza huukata mkono kwenye kifundo: kipande cha juu kina jina lake na cha chini kina lake. Kiswahili hakikati. Mkono ni mmoja tangu begani hadi kwenye kucha. Kwa hiyo hata maana ya kwanza, ile ya nyama na mifupa, ilinichukua wiki tatu. Kisha zikaja nyingine. Mshale wa saa ni *hand*. Kibarua wa shambani ni *hand*, na baharia pia. Karata alizoshika mchezaji, mwandiko wa mtu, makofi anayopigiwa mwimbaji, kipimo cha inchi nne cha kupimia urefu wa farasi, vyote ni *hand*. Anayemposa binti huomba *hand* yake, wala hatarajii kukabidhiwa kiungo kimoja.

Nilikaa na neno hilo miaka miwili. Nilipomaliza lilikuwa na maana arobaini na moja, na ya arobaini na moja ilikuwa chana la ndizi.

Maana hiyo nilikua nayo. Marehemu baba yangu alikuwa mkaguzi wa mashamba ya migomba, na kitabu chake cha kazi, chembamba, cha kurasa tisini, kilichochapwa kwa ajili ya wakaguzi tu, ndicho nilichojifunzia kusoma Kiingereza. Kadi mbili za maana hiyo nilizipata katika gazeti la zamani na katika tangazo la kampuni ya meli. Ya tatu niliiandika mezani kwa baba, kutoka ukurasa wa thelathini na moja wa kitabu chake. Kwa Kiswahili sentensi yenyewe inasema: "Kata chana la juu kwanza, kwa maana ndilo lililoiva kabla ya mengine, la chini lisubiri zamu yake." Niliipeleka ofisini, ikagongwa mhuri wa namba 6,114, ikaingizwa katika daftari la mapokezi, na Mwalimu mwenyewe akaweka saini yake fupi pembeni.

Mwaka uliofuata baba akafariki. Kaka zangu waligawana nyumba, na vitabu wakampa mwenye duka la jirani avifungie karanga. Nilipopata habari nilikwenda dukani.

"Dada yangu," mwenye duka akaniambia, "hivyo vyote vimeshaliwa. Karanga zimeliwa na watu, na vitabu vimekwenda nazo."

Wakati huohuo, ofisini, bodi ilikuwa imemuuliza Mwalimu kwa nini katika miaka ishirini amemaliza herufi R peke yake. Mwenyekiti wa bodi, jaji mstaafu, mama mmoja mwembamba asiyependa maneno mengi, alisema ukumbini, watu wakisikia, kwamba labda mhariri mkuu ajaye tayari yumo ndani ya jengo. Alikuwa akinitazama mimi. Desturi ya nyumba ni kwamba aliyeandika herufi nzima jina lake huwekwa kwenye ukurasa wa mbele. H ilikuwa imebakiza siku chache ikamilike.

Miezi miwili baadaye, H ikiwa imekamilika na inasubiri kupitishwa, niliitwa mbele ya bodi.

"Kadi namba 6,114 iko wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Droo ya H, kwenye *hand*, fungu la mwisho."

"Droo hii hapa. Tuonyeshe."

Nilitafuta. Kadi ya gazeti ilikuwepo, na ya meli pia. Nilipekua droo nzima, kadi moja moja, na hakuna aliyeniharakisha.

"Daftari linaonyesha kwamba kadi ilipokelewa, halionyeshi kwamba kitabu kipo. Basi tuone kitabu chenyewe," akasema.

"Kilikuwa cha baba yangu. Kimepotea."

"Maktaba ipi nyingine inacho?"

"Nimeandikia maktaba kumi na nne. Haipo hata moja yenye kitabu hicho."

"Kwa hiyo tuna kadi isiyoonekana, ya kitabu kisichoonekana, cha marehemu asiyeulizika." Akavua miwani na kuifuta. "Serikalini kuna wafanyakazi hewa. Na sisi leo tumepata kadi hewa."

Wajumbe wawili wakacheka. Majina yao ninayo.

Jaji hakucheka. Aliuliza, "Binti, una la kuongeza?"

"Hapana. Nimesema kweli."

"Kweli isiyo na kielelezo," akasema polepole, "mahakamani tunaiita masimulizi."

Nilifukuzwa siku hiyohiyo kwa kosa la kughushi. Jaji sikumwekea kinyongo. Ningekuwa kwenye kiti chake ningetoa hukumu ileile. Mwalimu alinisindikiza mpaka mlangoni, akanipa mkono, akaniambia, "Mwanangu, jifunze. Dunia ni shule." Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Niliushika mkono wake, nikasema, "Asante, Mwalimu," nikauangalia vizuri. Ulikuwa mkono laini, wa mtu asiyewahi kubeba kitu kizito kuliko droo.

Katika fani yetu watu si wengi, na jina husafiri haraka kuliko mwenye jina. Kila nyumba ya vitabu niliyobisha hodi ilikuwa imeshasikia habari za Bi Kadi Hewa. Mmoja aliniambia kwa upole kwamba angenipa kazi ya kupokea simu, mradi nisiandike ujumbe wowote. Alidhani ananitania.

Hatimaye nilipata kazi katika kiwanda cha uchapaji, kusoma prufu. Prufu ni kurasa za majaribio: msomaji huzipitia na kutia alama penye makosa, mwenye kitabu hutazama zile alama na kutia saini kila ukurasa, na hapo ndipo mashine huwashwa. Pasipo saini ya mwenye kitabu, hakichapwi kitu. Kwa miaka sita nilisoma lebo za dawa ya kikohozi, kalenda, karatasi za mitihani na kadi za harusi za watu nisiowajua. Chumba changu kilikuwa na meza moja, taa moja na dirisha lililotazama ukuta. Tulikuwa wasomaji watano, na hatukuandika majina yetu kwenye prufu, namba tu. Mimi nilikuwa Msomaji wa Nne.

Fundi wa mashine, ambaye kila mtu alimwita Wino kwa sababu ya kucha zake, ndiye aliyeniletea mzigo ule. Aliuweka mezani kwa mikono miwili, akahema.

"Bi Miwani, pole yako. Kurasa elfu moja mia mbili na nne. Kuna mtu ameandika maneno yote."

"Yote?"

"Nimetafuta tusi moja ambalo shemeji yangu hulipenda. Halimo. Basi, karibu yote."

Nilisoma jalada. Ilikuwa kamusi ya nyumba yetu, ikiwa imekamilika baada ya miaka ishirini na sita. Nilifungua ukurasa wa mbele. Herufi H: jina la Mwalimu. Herufi R: jina la Mwalimu.

Sikuruka kurasa. Nilianza A, kama kazi inavyotaka, na nilifika *hand* siku ya kumi na tatu, ukurasa wa 412. Maana zilikuwa arobaini, na zilikuwa zangu neno kwa neno. Katika maana ya ishirini na tatu niliwahi kuweka nukta na mkato mahali pa mkato, nikaligundua kosa hilo baada ya kufukuzwa. Lilikuwepo bado. Mwalimu, mtu wa nukta, alikuwa ameninakili bila hata kunisoma. Nikalitia alama lisahihishwe. Kazi ni kazi. Maana ya arobaini na moja haikuwepo.

Jioni hiyo nilimweleza dada yangu, tukiwa tunakunja nguo. Dada ni mkubwa kwangu kwa miaka tisa, na alinilea.

"Mwachie Mungu," akasema. "Mungu atamlipa."

"Najua atamlipa. Mimi namwandalia vielelezo tu."

"Wewe na vielelezo vyako. Ungeolewa ungemwomba mume risiti." Alikung'uta shuka. "Mdogo wangu, miaka sita imepita. Donda limefunga, usilikwaruze."

"Halijafunga, dada. Limefunikwa."

Alinitazama, akaniachia upande mmoja wa shuka nilikunje mwenyewe.

Herufi R niliifikia wiki ya nne. Ukurasa wa 871, neno *ripe*, maana ya pili: tunda lililoiva likiwa bado mtini. Chini yake ulikuwepo mfano mmoja wa matumizi. "Kata chana la juu kwanza, kwa maana ndilo lililoiva kabla ya mengine, la chini lisubiri zamu yake." Kisha chanzo: kitabu cha mkaguzi, ukurasa wa 31.

Niliweka kalamu chini. Nikaenda kunawa mikono, kwa sababu ilikuwa na wino, nikarudi, nikasoma tena. Halafu nikafungua orodha ya vyanzo mwishoni mwa kamusi. Kitabu cha baba yangu kilikuwa cha 212, pamoja na mwaka wa kuchapwa na idadi ya kurasa, kama nilivyoviandika kwenye kadi.

Yaliyotokea hayakuwa na fumbo kwa mtu aliyefanya kazi ile. Mwalimu alihitaji kadi yangu isionekane katika droo ya H. Mwizi wa kawaida angeichoma. Lakini yeye alikuwa amekaa miaka ishirini katika nyumba ambayo kadi haitupwi, na mkono wake haukuweza. Akaitazama, akaona ndani yake neno *ripe*. Herufi R ilikuwa yake, na bila shaka maana ile ilikuwa na kadi mbili tu. Ilihitaji ya tatu. Akaihamisha. Aliniangamiza na papo hapo akatimiza kanuni. Baada ya miaka sita na maneno elfu thelathini na nane, alikuwa ameshasahau kwamba sentensi ile ndiyo aliyoapa kwamba haipo duniani.

Ningeweza kukimbia siku hiyohiyo kwenda kwa Jaji na ukurasa mkononi. Nilifikiri jambo hilo kwa muda wa kutosha. Mwalimu angesema prufu ina makosa, ndiyo maana ikaitwa prufu. Angesema ni kosa la msaidizi, angeufuta mstari ule kwa kalamu nyekundu, na kamusi ingetoka safi. Nilihitaji kwamba asiufute. Nilihitaji aukumbatie.

Msomaji wa prufu ana haki ya kuuliza. Nilichukua penseli, nikaandika pembeni mwa mstari huo, kama ninavyoandika mara mia kwa wiki: "Chanzo hiki kimehakikiwa? Msomaji wa 4." Sikuzidisha neno wala kupunguza. Lilikuwa swali la haki, na jibu la haki lingemwokoa. Kama angeandika "Sina hakika, kiondolewe," ningekuwa sina kitu.

Prufu zilikwenda kwake. Kwa siku tisa nilisoma lebo za mafuta ya kupaka na nikala kama kawaida. Siku ya kumi Wino alizirudisha. Nilifungua ukurasa wa 871. Chini ya swali langu, kwa wino wa buluu, kwa mwandiko ule uliowahi kunirudishia kurasa kwa ajili ya nukta, palikuwa pameandikwa:

"Mstari uachwe ulivyo. Kitabu hiki nimekishika na kukisoma mwenyewe. Msomaji ashughulike na tahajia."

Saini. Tarehe.

"Kuna tatizo?" Wino akauliza.

"Hakuna. Washa mashine."

"Mbona unacheka?"

"Sicheki."

"Basi meno yako yamekuja kupunga hewa," akasema, akaenda zake.

Nilinyamaza kwa wiki saba, mpaka nakala elfu tano zilipochapwa na kujalidiwa. Kosa kwenye prufu ni kosa la mtu mmoja. Kosa kwenye nakala elfu tano ni la nyumba nzima, na nyumba nzima humtafuta mwenye kosa. Kisha nilimwomba meneja wetu jambo moja. Ni desturi kwamba nakala ya kwanza hupelekwa kwa bodi na mtu wa kiwanda, pamoja na prufu zilizotiwa saini, ili likitokea swali lijibiwe hapohapo. Kwa kawaida huenda dereva. Nilimwomba niende mimi. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikuwa na wasiwasi. Nililala kwa muda wa saa nane nzima.

Chumba cha bodi hakikuwa kimebadilika. Meza ndefu, viti kumi, kabati la glasi lenye matoleo ya zamani. Mwalimu alikuwa amekaa karibu na dirisha, amenenepa kidogo, na mvi zimempendeza. Nilikwenda kwake kwanza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, marahaba," akasema, akinyoosha mkono kuipokea kamusi. Ndipo akanitazama usoni, na ule mkono ukabaki hewani.

"Mimi ni Msomaji wa Nne," nikasema. Nikaipeleka kamusi kwa Jaji.

Jaji alinitambua. Alisogeza kiti chake, akafungua ukurasa wa mbele.

"Kuna swali lolote kutoka kiwandani?" akauliza, kama utaratibu unavyotaka.

"Moja, Mheshimiwa. Ukurasa wa 871, neno *ripe*, maana ya pili. Naomba usome mfano na chanzo chake."

Alisoma kwa sauti. Alipofika kwenye "chana la juu" akapunguza mwendo. Alipofika kwenye chanzo akarudi nyuma, akakisoma tena. Wale wajumbe wawili waliowahi kucheka walikuwepo. Mmoja alianza kutafuta kitu mfukoni mwake.

"Kitabu hiki," Jaji akasema, "nakikumbuka. Tuliambiwa hakipo."

"Kilipatikana baadaye," Mwalimu akasema haraka. "Kazi ya kamusi ndivyo ilivyo, Mheshimiwa. Vitu hupotea, vitu huonekana."

"Kilipatikana lini?" nikauliza.

"Wewe hapa ni mgeni, huulizi maswali."

"Basi nauliza mimi," Jaji akasema. "Lini?"

"Siwezi kukumbuka tarehe. Miaka imepita."

"Umekiona kwa macho yako?"

Mwalimu alitazama prufu mkononi mwangu. Nikaweka prufu mezani, nikaigeuza imwelekee Jaji, nikaonyesha kwa kidole. Aliusoma mwandiko wa buluu. Alikuwa na tabia ya kusoma akisogeza midomo.

"Umekishika na kukisoma mwenyewe," akasema. "Vizuri. Basi kipo. Na kama kipo, binti huyu hakughushi, na ulipokipata ulipaswa kuniambia asubuhi yake. Kiko wapi?"

Mwalimu alivua miwani, akaanza kuifuta.

"Au hukukishika. Basi umeandika uongo na kuutia saini, na sentensi hii umeitoa mahali pengine. Chagua, Mwalimu. Mimi yote mawili yananitosha."

"Mheshimiwa, hili ni jambo dogo. Mstari mmoja katika kurasa elfu."

"Ni kadi moja," nikasema. "Iko droo ya R. Haijatupwa."

Aligeuka akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ameelewa. Hakuogopa sentensi wala saini. Aliogopa droo, kwa sababu alijua hakika kilichomo.

Mtunza droo, mama mtu mzima aliyenifundisha kupanga kadi nilipokuwa mgeni, aliitwa, akatumwa. Alirudi ameikumbatia droo ya R kama mtoto. Hakuhitaji dakika mbili. Aliichomoa kadi, akaisogeza kwenye mwanga, akasema bila kuulizwa, "Mwandiko wa huyu binti. Namba 6,114." Kisha akaipitishia kidole. "Hapa kwenye *hand* kulikuwa na mstari, umekwanguliwa kwa wembe. Karatasi imekuwa nyembamba. Na huu mstari chini ya *ripe* ni wa kalamu nyingine." Aliiweka mezani. "Kazi mbaya. Mimi ningekwangua vizuri zaidi."

Hakuna aliyecheka safari hii.

"Mwanangu," Mwalimu akasema. Alikuwa akizungumza nami sasa, si na bodi, na sauti ilikuwa ya chini. "Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Haya yote kwa ajili ya ndizi?"

"Kwa ajili ya kadi, Mwalimu. Shahidi mmoja ni uvumi. Ndiyo maana nimekuja na watatu: ukurasa, saini na droo."

Jaji akaniuliza ninataka nini. Akasema nafasi yangu inaweza kurudishwa, na kwamba bodi itaandika barua. Nilimshukuru, nikasema nafasi siitaki. Nikatoa kwenye mkoba karatasi moja, prufu ya ukurasa mdogo niliyoipanga na kuisoma mwenyewe mara nne. Ilikuwa karatasi ya masahihisho, ya kubandikwa mbele ya kila nakala kabla haijatoka ghalani. Ilikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza ulisema kwamba herufi H niliiandika mimi, na jina langu kamili. Wa pili ulisema: ukurasa wa 412, *hand*, baada ya maana ya 40 iongezwe 41, chana la ndizi. Wa tatu ulisema: kadi ya tatu ya maana hii, namba 6,114, ilitolewa katika droo ya H na mhariri mkuu, na imetumika katika neno *ripe*, ukurasa wa 871.

"Lakini nyumba haiwezi kutangaza aibu yake mbele ya wasomaji," akasema mmoja wa wale wawili.

"Nyumba ilitangaza yangu bila shida," nikasema.

Jaji aliisoma karatasi, akabadilisha mkato mmoja. Alikuwa na haki: mkato ule haukuhitajika. "Kila neno hapa lina kielelezo," akasema. "Ibandikwe."

"Inahitaji saini ya mwenye kitabu," nikasema. "Pasipo saini ya mhariri mkuu mashine haiwashwi. Ndiyo kanuni."

Jaji aliisogeza mbele ya Mwalimu. Mwalimu alitafuta kalamu mfukoni, akaikosa. Nikampa yangu. Alisaini polepole, na nilisimama karibu kabisa, nikauangalia ule mkono laini ukiandika jina lake lote chini ya mstari wa tatu, mpaka kwenye nukta. Hakusahau nukta.

"Tarehe," nikasema.

Akaweka tarehe.

Jaji alimwambia kwamba bodi ingependa kupokea barua yake ya kujiuzulu, iliyoandikwa kwa mkono wake, kabla ya Ijumaa. Nikaomba nipewe nakala ya barua hiyo. Jaji aliniuliza ya nini. Nikamwambia ni kwa ajili ya kumbukumbu, akakubali.

Karatasi ya masahihisho ilichapwa mchana uleule. Wino aliisoma mashine ikizunguka, akazima, akaja chumbani kwangu.

"Huyu mwenye herufi H ni wewe?"

"Ni mimi."

"Miaka sita nakuita Bi Miwani, kumbe nakaa na mtu wa kamusi." Alijikuna shingo. "Na hili la ndizi ni kweli? Waingereza huliita mkono?"

"Kuna kadi tatu."

"Basi ni kweli," akasema, akarudi kuwasha mashine.

Nyumbani, dada aliniuliza kama sasa nimeridhika. Nilimjibu kwamba nina kazi kidogo. Nilikaa mezani, nikakata kadi kutoka karatasi ngumu niliyoletewa na Wino. Juu niliandika *hand*, maana ya kumi na sita: mwandiko wa mtu. Chini yake nikanakili: "Kitabu hiki nimekishika na kukisoma mwenyewe." Chanzo, ukurasa, tarehe. Kwenye kadi ya pili nikabandika nakala ya saini iliyo chini ya mistari mitatu.

Maana haiingii bila kadi tatu. Ninazo mbili. Ya tatu inakuja Ijumaa.